TAHADHARI: Gundi feki ya suti za kuzamia, tyubu zimejazwa upya

Ndugu zangu mnaopeleka wageni kuzamia, hasa wa Nungwi na Kendwa huku Unguja, kuna jamaa anauza gundi ya suti kwenye magrupu ya WhatsApp. Anatangaza "orijino, ya nje", tyubu elfu 15, hela kwanza kwa simu ndipo mzigo upande boti. Nilichukua nne.

Kilichonishtua ni harufu. Tyubu imeandikwa gundi ya yurethani, ile nzito kama asali inayolazwa usiku kucha mpaka ikauke. Hii ilinuka tineri, na dakika kumi tu imeshakauka. Gundi ya fundi viatu hiyo! Nikajipa moyo (ubahili huo), nikaziba magoti ya suti mbili za unene wa milimita 3. Asubuhi pale nilipopaka pamekakamaa kama gamba, mgeni kuchuchumaa avae mapezi, pakapasuka. Na kusi hii maji yamepoa, suti ikivuja mtu anatetemeka badala ya kutazama kasa.

Nilipompigia akasema nimepaka vibaya. Nikamtumia picha, akanibloku.

Kabla ya kulipa, omba picha ya mdomo wa tyubu bila kifuniko. Mpya huwa umezibwa, unautoboa mwenyewe kwa ncha ya kifuniko. Zangu zilikuwa zimeshatobolewa, na mkunjo wa nyuma una alama za meno ya koleo: ulifunguliwa, ukajazwa, ukabanwa tena.

Sisemi gundi ya kukauka haraka haifai. Neoprini (ule mpira laini wa suti) iliyochanika huungwa kwa gundi ya kopo ya neoprini yenyewe: osha chumvi, anika hadi ndani pakauke, paka nyembamba pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, rudia mkono wa pili, ndipo ukutanishe na kubana. Yurethani ni ya kufunika mshono juu na kukinga magoti, maana inavutika pamoja na suti. Supa gluu usiguse kabisa, inakuwa kama kioo.

Namba ya huyu bwana sibandiki, anabadilisha laini kila mara. Picha ya tangazo lake ndiyo haibadiliki: tyubu tatu juu ya kanga ya bluu.

Tyubu ya mwisho nimebandikia kandambili. Huko imeshika vizuri tu.