itch.io kwa waandaaji wa mashindano ya gemu Uganda: nzuri, ila zawadi msiiachie kura zake

Kama unaandaa shindano la kutengeneza gemu Kampala, Gulu au Mbarara na huna fedha za kujenga tovuti, anza na itch.io, tovuti ya kuchapisha gemu na kuendesha mashindano yake. Ukurasa wa shindano ni bure. Unaweka siku ya kufungua, ya kufunga na ya mwisho wa kura, kisha vigezo vyako, kila kimoja nyota 1 hadi 5. Kwenye tangazo andika "saa 5:59 usiku (23:59)", maana ukiandika saa 5:59 peke yake, kuna atakayeelewa alfajiri. Umeme ukikatika dakika za mwisho, unaweza kumpa mshiriki kiungo cha kuwasilisha kwa kuchelewa. Hilo peke yake linaokoa kazi nyingi.

Tatizo ni hesabu ya kura. Panga gemu zote kwa idadi ya kura, tazama ya katikati: iliyo chini yake hukatwa alama. Tuseme ya katikati ina kura 9, na gemu fulani ina kura 4 zenye wastani wa 4.5. Wastani huo huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 4 kwa 9, yaani theluthi mbili, na kubaki 3.0. Kanuni inazuia marafiki wanne kumbeba mwenzao, na hapo ina haki. Lakini kwetu bando ni ghali, na tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12. Nani atapakua faili la MB 600 ili apige kura moja? Gemu nzito inashuka hata kama ni bora.

Kwa hiyo lazimisha kila mshiriki alete toleo la kuchezwa kwenye kivinjari, lisizidi MB 50. Faili la zip liwe na index.html (faili la kufungulia gemu) juu kabisa, si ndani ya folda nyingine. Wanaotumia Godot 4 (programu ya kutengenezea gemu) kabla ya 4.3 wawashe SharedArrayBuffer, chaguo lililo kwenye mipangilio ya ukurasa wa gemu, la sivyo gemu haifunguki; kuanzia 4.3 wanaweza badala yake kuzima nyuzi (threads) wakati wa kutoa toleo. Walioandika kwa lugha ya C# kwenye Godot 4 hawawezi kutoa toleo la kivinjari, waambiwe kabla ya siku ya kwanza. Picha zikipotea, kagua herufi kubwa: Windows husamehe Mti.png ikiitwa mti.png, toleo la kivinjari halisamehi.

Anayeleta pia APK (faili la kusakinisha gemu kwenye simu za Android), iwe na armeabi-v7a, yaani sehemu ya biti 32, maana simu za zamani za biti 32 hukataa ya biti 64 pekee.

Zawadi iamuliwe na majaji watatu au watano, wote wakicheza toleo lilelile la kivinjari; Android ijaribiwe kwa zilizoingia fainali tu. Majaji wakitofautiana nyota 2 au zaidi kwenye kigezo kimoja, wairudie gemu hiyo pamoja kabla ya kujumlisha. Mara nyingi utakuta mmoja wao hakuvuka ngazi ya kwanza.