Siringe ya dola 7 ao pampu ya dola 12? Mafuta ya pon na transfa ya RAV4, nimebadilisha mwenyewe mu parseli

Bandugu, mko aje, karibuni tena hapa kwangu Himbi, mu Goma. Leo sina kitu kikubwa cha kuwaonyesha, ni hii siringe tu, muiangalie vizuri, haiko ya daktari, ni ya gari, inabeba nusu lita, hapa mbele iko na katiyo kafupi ka plastiki. Niliinunua Birere dola 7. Na hii ingine ni pampu ya mkono, ile inafungwa juu ya bidoni ya mafuta halafu unapampu, hii ilikula dola 12. Kazi yao ni moja: kuingiza mafuta mazito mu pon ya nyuma (ile boksi ya meno inazungusha tairi za nyuma) na mu transfa (boksi ya meno ya mbele inatuma nguvu nyuma), juu kule chini ya gari hakuna nafasi ya kugeuza bidoni imimine. Nimezitumia zote mbili, gari moja, siku moja, kwa hiyo nitasema kile niliona na macho yangu.

Gari ni RAV4 ya 2007, ya esanse (petroli), 4x4. Lakini mbele ya kushuka chini ya gari mnisikilize kidogo, juu hapa njo pesa zenu zinapotelea. Mwaka jana niliipeleka mu garaji moja, sitaitaja jina, mekanisie akaniambia leta lita 2 za pon na lita 2 za transfa. Nikanunua lita 4, nikamwachia, jioni akaniita gari imekwisha, nikalipa na mukono wake, nikarudi nyumbani na furaha. Juzi njo nafungua kitabu cha gari, naona pon ya nyuma inaingiza lita 0.5, transfa lita 0.45. Zote mbili pamoja hazifike hata lita moja! Sasa zile lita 3 zingine zilienda wapi, pengine ziko zinatembea mu Prado ya mtu, sijue. Nikasema basi, safari hii nalala chini mwenyewe.

Kwa wale hawajue hii gari inafanya aje: RAV4 ya hii umri inatembea na tairi za mbele, za nyuma zinasaidia pale zinahitajika, sanasana za mbele zikianza kuteleza. Transfa iko mbele, imeshikana na bwati ya vitesi (giaboksi), inatuma nguvu nyuma kwa ule mti mrefu, halafu pale mbele ya pon kuna kitu kinashikanisha na umeme, hicho wachaneni nacho, kimefungwa, hakina bushoni (kizibo cha mafuta). Yenye inatuhusu ni mabushoni 4: mbili za pon, mbili za transfa. Ya juu ya kuingizia, ya chini ya kutolea.

Mafuta nilichukua 75W-90, na kwenye bidoni lazima muone imeandikwa GL-5, njo kiwango cha mafuta ya meno. Mu pon meno yanasuguana kwa nguvu sana, kwa hiyo wanatiamo dawa ya salfa na fosforasi. Ukifungua tu ile bidoni harufu unaijua, sisi watu wa Goma hatuna haja ya kufasiriwa, ni ile ile upepo ukitoka upande wa Nyiragongo. Lakini muuzaji asiwadanganye ati GL-5 njo kubwa kwa hiyo inafaa kila pahali. Bwati ya manuel mingi inataka GL-4, juu ndani kuna pyesi za shaba na ile dawa nyingi inaweza kuzikula. Na kama gari yako ni otomatiki, bwati yenyewe iko na mafuta yake mengine kabisa, usichanganye hata tone.

Haya, twende chini. Gari nilitembeza kwanza kama dakika 20 ili mafuta ipate moto itoke yote, halafu nikaipandisha juu ya shandeli 4 (vile vyuma vya kushikia gari juu), mbili ni zangu, mbili nimeomba jirani. Kwa nini 4? Juu gari ikiinamia upande moja kipimo kitakudanganya. Na tafazali, bandugu, mawe ya volkano wekeni mbele ya tairi ili gari isitembee, hapo sawa, lakini usiweke gari JUU ya jiwe ya volkano ukaingia chini yake. Ile jiwe iko na matundu ndani kama mkate, inapasuka bila kukuambia.

Sasa, hata kama unasahau yote, hii usisahau: fungua bushoni ya juu KWANZA. Ya kuingizia. Juu ukitoa mafuta yote kwa chini, halafu ya juu ikakataa kufunguka, gari imelala hapo, hauna hata namna ya kuipeleka garaji. Na ya kwangu ilikataa! Bushoni ya pon inafunguka na klé ya pembe sita ya milimita 10, naingiza klé, haiingie. Naweka tochi, naona ile tundu imejaa udongo, umekauka ngumu kama simenti, nikauchokoa na musumari mpaka vidole vikaniuma. Hapo nikakaa kidogo chini ya gari nikifikiri. Udongo wa namna ile, mimi naona ni wa siku nyingi. Mnaelewa? Yule mekanisie pengine hakuwahi kufungua hii bushoni. Lita 4 zangu zote, pengine hakuna hata moja iliingia humu.

Na mafuta yenye ilitoka ilisema ile ile, nyeusi, ya kunata. Kwenye bushoni ya chini kuna sumaku, muone hapa, hii matope ya kijivu kwenye kidole changu ni unga wa chuma. Unga laini hivi usiogope, meno yanasuguana ni kawaida. Ukiona vipande, vile unaweza kushika na kucha, hapo tafuta mtu anajua kazi. Na kama mafuta imetoka rangi ya chai ya maziwa, maji iliingia, wale munapitisha gari mu mito huko Masisi muangalie sana hiyo.

Kuingiza sasa. Nikaanza na pampu juu njo ya bei kali. Bandugu, nilijuta. Asubuhi hapa kwetu baridi iko kidogo, mafuta ni nzito, unapampu mara 10 inatoka kama kamasi ya mtoto, tiyo haina kitu cha kuishika ndani ya tundu, ukipampu inaruka nje, mukono moja unashika tiyo, mukono moja unapampu, bidoni nani anaishika? Mtoto wangu. Naye akacheka akaachilia. Shati hii muiangalie. Tena ule mdomo wa pampu haufike chini ya bidoni, inabaki mafuta kidogo haitaki kutoka, na kwa gari yenye inataka nusu lita hiyo kidogo ni hesabu.

Nikaweka bidoni juani, nikakunywa chai, nikarudi na siringe. Unavuta, unaona kipimo kwa macho, unasukuma polepole, dakika 3 pon imejaa. Utajua imejaa pale mafuta inaanza kurudi ikitiririka kwenye mdomo wa tundu, unaacha idondoke mpaka iishe, unafunga. Rondeli ya aluminiamu weka mpya, ile ya zamani imeshabonyezwa, itavuja.

Sasa transfa, hapo siringe nayo ilinionyesha ubaya wake. Nafasi ni ndogo, eshapoma (bomba ya moshi) iko pale pale bado ya moto, siringe ndefu hivi haiingie na katiyo yake hakafike. Nilienda kwa mumasoni anajenga hapa nyuma, akanikatia mita moja ya ile tiyo nyeupe yao ya nivo (ya kupimia usawa), ikaingia barabara mbele ya siringe. Nikasukuma nikiwa nimekaa pembeni ya gari, si chini. Mita moja, bure. Kama wanaoiuza wangeiweka mu boksi toka mwanzo, leo ningeipa 10 juu ya 10.

Nitaipa 7. Ingine yenye siipendi ni karaba ka ndani: nilikasafisha na esanse, kesho yake kamevimba, siringe inasukumwa kwa shida. Panguseni na kitambaa kikavu tu.

Gari nimeenda nayo mpaka Sake nikarudi, nikabonyeza ile buto ya kufunga 4x4 pale kwenye mchanga, inashika vizuri, ukipita 40 kwa saa inajifungua yenyewe, njo vile iliundwa. Asubuhi nikaweka kartoni chini, kavu. Mafuta ya zamani sikumwaga, hapa chini ni mawe ya matundu, kila kitu kinashuka, na ziwa njo tunanywa. Mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alikuja kuiomba ya kupaka kwenye gurudumu, nikamjazia chupa, yenye ilibaki iko mu bidoni imefungwa.

Na hii pampu, kama kuna mtu wa Himbi ao Katindo anaitaka, aje aichukue, ni ya bure. Tiyo yake tu haipo, niliikata na hasira.