Koki ya kumwagia oili kwenye Probox yangu, baada ya mwaka na miezi miwili ya kubeba dagaa

Mimi nauza dagaa. Nanunua soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, napakia kwenye Probox yangu na kupeleka Shinyanga mara tatu kwa wiki, mwezi ukiwa giza. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 320. Kilomita 5,000 za kubadilisha oili kwangu zinakwisha kabla miezi miwili haijatimia, na injini hiyo ndiyo inayosomesha watoto wangu. Kwa hiyo habari ya oili nimeichukulia kwa uzito kuliko wengi ninaowaona pale sokoni.

Nilianza kuitafuta koki hii kwa sababu ya boliti ya sampu, yaani ya lile beseni la oili chini ya injini. Fundi mmoja aliikaza kwa spana aliyoiongezea bomba, kwa nguvu zake zote. Safari iliyofuata fundi mwingine akaifungua, ikatoka na hesi za sampu zimeng'ang'ania kwenye meno yake kama vumbi la chuma. Akaizungushia tepu ya mabomba ya maji, akairudisha, akaniambia, "Mama, nenda tu, haitavuja." Nilipofika Misungwi na magunia yangu, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilizima injini palepale. Kijiti cha kupimia nilikichomoa kikiwa kikavu. Siku hiyo nililala barabarani na mzigo wa watu waliokwisha kunilipa, na wiki ile yote faida ilikwenda kwenye sampu nyingine.

Boliti ya sampu kila ikifunguliwa na kukazwa inakula hesi kidogo. Kwenye Probox sampu ya chini ni ya bati la chuma, inavumilia kiasi. Magari yenye sampu ya aluminiamu yanateseka zaidi, kwa kuwa boliti ni ngumu kuliko inapoingia. Koki inaondoa tatizo hilo kwa njia nyepesi kabisa: unaifunga mara moja mahali pa boliti, kisha huigusi tena kwa spana. Ndani yake kuna gololi iliyotobolewa katikati. Ukiuinua mkono wake mdogo kutoka kwenye kijishimo unapokaa, dhidi ya springi, kisha ukauzungusha robo ya mzunguko, tundu la gololi linakaa sawa na njia na oili inashuka. Ukiurudisha, springi inausukuma mkono ndani ya kijishimo chake na hauwezi kuzunguka wenyewe kwa mtikisiko. Kwenye ndege ndogo za injini ya pistoni koki za kumwagia oili bila spana ni kitu cha kawaida. Kujua hilo kulinipa moyo, maana kule juu hakuna pa kuegesha.

Ya kwanza niliinunua hapahapa mjini, shilingi 25,000, haina jina wala karatasi. Mkono wake ulikuwa unacheza tangu siku ya kwanza na springi yake ni laini, unaisukuma kwa kidole kidogo. Baada ya wiki mbili nikaanza kuona tone moja kila asubuhi kwenye jiwe ninapoegesha. Niliitoa. Mwenye duka alikataa kuirudisha, nami sikubishana naye. Nawaambia wenzangu tu: kitu kinachoshika oili yote ya injini yako kisinunuliwe kwa sababu ni rahisi. Kabla hujalipa, inua mkono wake kwa kidole. Mkono usipokinza vizuri, irudishe koki mezani.

Ya pili ni Fumoto, ya Kijapani. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyeniagizia, na mpaka inanifikia mkononi ilikuwa imekula shilingi 95,000. Ni ya shaba iliyopakwa nikeli, nzito kwa umbo lake, na nilichagua ile yenye ncha ya kuvalishia mpira. Hapo kwenye kuagiza kuwa makini na kipimo. Boliti ya Probox yenye injini ya 1NZ ina kipenyo cha milimita 12 na hatua ya hesi, yaani toka jino hadi jino, milimita 1.25. Honda nyingi zinatumia 14 kwa 1.5. Ukikosea, koki itaingia mizunguko miwili kisha itakwama, na mwenye haraka ataisukuma kwa spana, basi umeua sampu. Na kama hesi zako zimekwisha kuliwa, koki haitakuokoa. Tengeneza sampu kwanza.

Kuifunga tulifanya mimi na mtoto wa dada yangu, uani kwetu Nyakato. Tulimwaga oili ya zamani, tukafuta uso wa sampu kwa kitambaa mpaka ukang'aa, tukaivalisha koki pete yake ya washa, tukaizungusha kwa mkono hadi mwisho na kumalizia kwa spana ya kawaida, kukaza kwa kiasi. Shaba ni laini, haitaki ubabe. Tuliwasha injini dakika kumi tukiwa tumetandika karatasi nyeupe chini. Karatasi ilibaki nyeupe.

Sasa namna ninavyoitumia. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawatoki, kwa kuwa samaki hawakusanyiki kwenye taa zao. Hizo ndizo siku zangu za kupumzika, na ndizo za oili. Asubuhi nazungusha gari mpaka Buzuruga na kurudi ili oili ipate moto na kulegea, naegesha, nasubiri dakika ishirini nisije nikaungua, kisha navalisha mpira kwenye ncha ya koki na upande wa pili nautia kwenye dumu la lita 5. Nainua mkono, nazungusha. Hakuna kinachomwagika chini, hakuna boliti ya moto ya kudumbukia kwenye beseni, na sihitaji kumsubiri fundi ambaye amesema anakuja tangu saa tatu. Zamani nilikuwa nasogeza: leo sina nafasi, kesho kuna mzigo, mara kilomita 7,000 zimefika. Tangu nifunge koki sijapita 5,000 hata mara moja. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko usafi na kuliko hesi.

Faida nyingine sikuitegemea. Kwa kuwa naimwaga mwenyewe kwenye dumu jeupe, nimeanza kuijua oili ya gari langu: rangi yake, wepesi wake, imetoka kiasi gani. Injini hii inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Mwezi wa tano ilitoka pungufu kuliko kawaida, karibu nusu lita, nikajua inakula oili, nikaipeleka ikaangaliwa mapema. Gereji ningeambiwa hivyo na nani? Oili yao inaanguka kwenye pipa moja na ya magari ishirini.

Kasoro zipo, nami sitazificha. Tundu la koki ni jembamba kuliko tundu la boliti, kwa hiyo oili inatoka taratibu. Kwa boliti ilikuwa inaisha dakika tatu, sasa nahesabu kumi au zaidi. Kisha hesi za koki zinachungulia kidogo ndani ya sampu, na oili iliyo chini ya ukingo huo haitoki. Nimepima kwa chupa: ni kama kikombe kidogo cha kahawa. Najitahidi kuegesha upande wa koki ukielekea chini, na kwetu Nyakato mteremko si wa kutafuta. Mwenye injini iliyojaa tope la oili kwa kuchelewesha miaka mingi, asianze na koki. Uchafu mnene unaweza kuziba njia ile nyembamba. Asafishe kwanza kwa kufungua boliti.

Na filta bado ipo. Kuna watu wanadhani ukifunga koki hutalala chini ya gari tena. Kwenye Probox yangu filta naifikia kutokea chini, kwa hiyo karatasi ya boksi natandika vilevile, na mtoto wa dada yangu bado anachafuka mikono.

Lililonitia hofu zaidi lilikuwa mawe. Koki inajitokeza kuliko boliti, na Mwanza ni mji wa miamba. Mtaani kwetu mawe yamechomoza katikati ya njia, mvua ikinyesha udongo unaondoka na yanazidi kuchomoza. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea bati la chuma chini ya injini lenye nafasi ya kupitisha mpira, shilingi 40,000. Bila bati hilo nisingethubutu. Pia nimeongeza kibanio kidogo cha plastiki kinachouzuia mkono usiinuke, kinauzwa pamoja na koki hizi, na kila Jumatatu kabla ya kwenda Mwaloni nachungulia kwa tochi. Fundi wangu aliniambia, "Mama, siku moja hiyo itakufungukia njiani." Nikamwonyesha jinsi mkono unavyokaa kwenye kijishimo, nikamwachia aujaribu kuuzungusha bila kuuinua. Hakuweza, na sasa ananiuliza bei.

Kwa bei hesabu iko hivi. Gereji walikuwa wananitoza shilingi 10,000 kubadilisha oili na filta, mbali na oili yenyewe. Koki na bati vimenigharimu 135,000, na ile ya kwanza niliyoitupa siihesabu. Nabadilisha mara saba au nane kwa mwaka, kwa hiyo pesa yangu inarudi karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Anayebadilisha mara mbili kwa mwaka asinunue kwa ajili ya kuokoa ufundi. Hatauona huo uokoaji.

Oili chafu naiweka kwenye madumu na kumpa seremala jirani, anaipaka miguu ya nguzo mchwa wasile. Mfereji wa nyuma ya nyumba yetu unateremka kwenda mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, kwenye maji yaleyale wanamotoka dagaa ninaowauza. Zamani oili iliyomwagika chini ilikuwa inaoshwa na mvua kwenda huko. Kwa mpira na dumu haimwagiki.

Mdogo wangu ameshaniagizia nyingine, ya Noah ya shemeji yangu wa Magu. Safari hii nilimwambia shemeji afungue boliti yake aipime kwa kalipa kwanza, anitumie picha.