Miaka 2 ya Saikolojia na Teknolojia ya Kidijitali Nikiwa Dar es Salaam: Uzoefu Wangu

Nimefanya kazi katika huduma kwa wateja ya kampuni moja ya simu hapa Dar es Salaam kwa miaka sita, na malalamiko niliyoyapokea kuliko mengine yote ni ya mtu aliyetuma pesa kwa namba asiyoikusudia. Ofisini jibu letu lilikuwa limeshazoeleka, kwamba mteja hakuwa makini. Nilijiunga na shahada ya uzamili ya saikolojia na teknolojia ya kidijitali, kozi ya miaka 2 inayofundishwa kwa njia ya mtandao na chuo kimoja cha Uingereza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulitilia shaka jibu hilo. Sasa nimehitimu, na ninaandika kwa ajili ya wale wanaofikiria kusoma kozi ya namna hii wakiwa huku huku nyumbani.

Kozi hii haimfanyi mtu kuwa mshauri nasaha, wala haimfanyi kuwa mtunzi wa programu. Mama mdogo aliposikia kwamba ninasoma saikolojia alianza kuniletea matatizo ya ndoa za majirani, na shemeji yangu akaniletea kompyuta iliyogoma kuwaka. Wote wawili niliwarudisha mikono mitupu. Kinachofundishwa ni namna mtu anavyoona, anavyokumbuka, anavyoamua na anavyokosea akiwa mbele ya kioo cha simu au kompyuta, pamoja na njia za kuyapima hayo bila kujidanganya.

Muhula wa kwanza ulinilipa mapema. Tulisoma kazi ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954, inayoonyesha kwamba muda wa kukifikia kitu hutegemea umbali wake na ukubwa wake, na siku hiyo hiyo nikaanza kuvitazama kwa jicho lingine vitufe vidogo vinavyobanwa kwenye kona ya kioo, mahali ambapo dole gumba halifiki. Tulisoma pia tofauti aliyoieleza mwanasaikolojia mwingine, Donald Norman, kati ya kukosea kwa sababu hukuelewa na kuteleza ilhali ulielewa vizuri kabisa. Mteja anayetuma pesa kila siku huwa ameteleza: jina la mpokeaji linatokea mbele yake, lakini mkono umeshazoea kubonyeza 1, na unabonyeza kabla jicho halijasoma. Kumwambia awe makini zaidi hakubadilishi chochote, kwa kuwa mazoea ndiyo yaliyomponza.

Takwimu zilinitoa jasho, na sitajifanya kwamba nilizipenda. Afadhali tulitumia R na jamovi, programu zisizolipiwa, na kwa majaribio ya maabara tulitumia PsychoPy, ambayo nayo ni ya bure. Somo lililonishtua ni lile la kurudia tafiti za zamani: mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na ni takriban asilimia 36 tu ya marudio hayo yaliyotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani ambayo ni vigumu kuyaeleza kwa bahati tu. Mwalimu alitufundisha hilo wiki ya tatu, kabla hatujapata nafasi ya kuiamini fani yenyewe kupita kiasi, na ninadhani alifanya vyema.

Tasnifu ndiyo iliyonifundisha kuliko masomo yote. Nilitaka kupima urahisi wa kutumia menyu ya kutuma pesa, nikachagua hojaji ya John Brooke iliyotungwa mwaka 1986, yenye kauli 10 ambazo mtu huzipa alama kuanzia 1, yaani sikubali kabisa, hadi 5, yaani nakubali kabisa. Kauli moja inasifu, inayofuata inalaumu, hivyo hadi mwisho. Kuitafsiri nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua mwezi mzima. Kauli ya nane inasema, kwa maana, kwamba mfumo una usumbufu mwingi kuutumia. Nilipoandika “unasumbua”, watu walijibu kuhusu mtandao kukatika, maana ndivyo tunavyosema mtandao ukikatika. Nilipoandika “mzito”, walijibu kuhusu simu zao kuukuu. Baada ya majaribio mengi niliandika “una mizunguko mingi”, na hapo kila mtu alinielewa bila maelezo, kama anayezungumzia ofisi ya serikali.

Kisha nikaenda Kariakoo. Mama mmoja muuza vitenge alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaijaza hojaji yote kwa 5, kauli za kusifu na za kulaumu pia. Nikamuuliza, “Samahani mama, hapa umekubali kwamba ni rahisi, na hapa umekubali kwamba una mizunguko mingi?” Akacheka: “Mwanangu, umetoka huko na jua hili, mimi nikukatalie?” Jirani yake hakutaka kujifunga upande wowote, akajaza 3 mwanzo hadi mwisho. Usiku nilipokokotoa nilipata 50 kwa 100 kwa mama na 50 kwa jirani, kwa kuwa alama za kauli za kulaumu hugeuzwa wakati wa kukokotoa, hivyo hojaji hiyo humpa 50 yeyote anayerudia jibu moja kwa kauli zote, liwe jibu gani. Mmoja alinijibu kwa ukarimu na mwingine kwa tahadhari, na karatasi ikawaona sawasawa.

Msimamizi wangu wa tasnifu, ambaye sina neno la kumlaumu, alinishauri niweke hojaji kando na nimwombe mama atume shilingi 1,000 nikiwa nimekaa pembeni. Mama alitoa daftari lililochakaa, akawa anasoma namba mbili mbili kwa sauti huku akibonyeza. Mteja alipoita, akamjibu bei, akarudi kwenye simu na kukuta muda wa menyu umekwisha. Alianza upya mara tatu bila kulalamika. Sura nzima ya nne ya tasnifu yangu inatokana na dakika zile kumi na moja.

Sasa nije kwenye kero. Darasa la moja kwa moja lilikuwa saa kumi na mbili jioni kwa saa za kwao, ambayo kwetu ni saa tatu usiku wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Hakuna aliyetukumbusha kwamba Uingereza husogeza saa mwishoni mwa Machi, hivyo nikaingia darasani watu wakiagana. Mtihani ulisimamiwa na programu inayomtazama mtahiniwa kwa kamera. Umeme ulipokatika na uso wangu kubaki na mwanga wa kioo tu, programu ilinitia alama ya kushukiwa, na ilinibidi niandike barua mbili kabla matokeo hayajatolewa. Kwamba haya yalitokea katika kozi inayofundisha jinsi mashine zinavyowakosea watu, chuo hakikuona ajabu yake. Mifano ya darasani nayo ilikuwa ya wanafunzi wa Ulaya karibu yote, ingawa tulisomeshwa makala ya mwaka 2010 ya Henrich na wenzake inayokosoa tabia hiyo hiyo. Na kuhusu Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, niliisoma peke yangu.

Pamoja na hayo, ningemshauri mtu anayeshughulika na wateja, mwalimu anayeandaa masomo ya mtandaoni, au mbunifu wa programu aisome. Anayetaka kutibu watu atafute saikolojia tiba, asipoteze ada yake huku. Kabla ya kulipa, uliza kama vipindi hurekodiwa, mtihani husimamiwa vipi umeme ukikatika, na maktaba ya mtandaoni hubaki wazi kwa muda gani baada ya kuhitimu. Hilo la mwisho mimi sikuliuliza, na wiki moja baada ya mahafali nilikuta akaunti yangu imefungwa, makala tatu nilizokuwa nimezitia alama zikiwa bado sijazipakua.