Waifai ya nyumbani inakwama? Nunua kwa mpangilio huu

Kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta ripita (kifaa cha kupokea waifai na kuirusha mbele) yenye antena nne, chomeka kompyuta kwenye ruta (kile kiboksi kinachosambaza intaneti nyumbani) kwa waya, pima kasi. Ikiwa hata hapo unapata megabiti 3 kwa sekunde na kifurushi ni cha 20, wasumbue wanaokuuzia intaneti, maana kifaa cha dukani hakitakusaidia. Ikiwa kwa waya iko vizuri na chumbani ndiko inakokata, twende.

1. Kubadili chaneli: bure

Waifai hurushwa kwenye masafa ya 2.4 GHz au 5 GHz, na masafa hugawanywa kwa njia ndogo ziitwazo chaneli. Ya 2.4 GHz yana chaneli 1 hadi 13, lakini kila ruta humeza na chaneli za pembeni yake, kwa hiyo zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Pakua programu ya kuchungulia waifai kwenye simu ya Android. Mimi nilipoifungua sebuleni, ghorofa ya tatu, nilikuta ruta za majirani zimerundikana kwenye 6, na yangu ikiwemo. Nilihamia 11 nikawa nimemaliza.

Usishawishike na chaneli 3 kwa sababu inaonekana tupu. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu; wewe uliyejibanza katikati unapigiwa kelele na wa 1 na wa 6. Anwani ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, unayoiandika kwenye kivinjari, imeandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Upana wa chaneli uweke 20 MHz.

Vifaa vilivyo chumba kimoja na ruta vihamishie 5 GHz. Huko kuna nafasi tele, ila kuta za tofali huyadhoofisha haraka mawimbi yake. Na kama waifai ya simu hukata kila mara mtu anapopasha wali kwenye maikrowevu, usimlaumu jirani: maikrowevu nayo iko kwenye 2.4 GHz.

2. Waya

Hapa ndipo pesa yako inafanya kazi. Waya wa Cat5e (aina ya waya wa mtandao) hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na ukuta haumsumbui mtu. Televisheni haitembei; ipe waya. Dukani omba wa shaba tupu. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu: ikitokea nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Fundi akikubania vichwa, hakikisha nyuzi zote nane zinashika, la sivyo utabaki na megabiti 100.

3. Ruta ya pili mwisho wa waya huo

Ile ya zamani iliyolala kabatini inatosha. Ipe anwani tofauti na ya ruta kuu, zima DHCP (huduma ya kugawia vifaa anwani; iachie ruta kuu), kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la intaneti inayoingia). Jina na nywila viwe vilevile; chaneli iwe tofauti. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, kama waya unapitika, mimi ningeishia hapa.

4. Ruta mpya

Inafaa kama uliyonayo ina 2.4 GHz pekee. Chagua ya Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha waifai) yenye matundu ya gigabiti. Soma boksi, zipo zinazojiita za kisasa na matundu yake ni ya megabiti 100. Wingi wa antena usikuzuzue.

5. Meshi

Ni vifaa kadhaa vinavyoshirikiana kama waifai moja. Nzuri kwa nyumba kubwa au ya ghorofa, na ghali. Ukiweza kuviunganisha vifaa vyake kwa waya, vitakimbia zaidi.

6. Ripita

Najua ndiyo inayonunuliwa sana. Nyingi hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hushuka karibu nusu. Kama umeshanunua, iweke katikati ya safari, pale simu bado inashika vizuri. Ukiipeleka kwenye kile chumba kisichoshika, nayo haitashika.