Uzoefu wangu na mchezo wa ramani wa Kondoa 1916: Lettow yuko sawa, masika yamelegea

Mchezo mzima umejengwa juu ya swali moja: ingekuwaje kama van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, asingesimama Kondoa Irangi Aprili 1916, akateremka moja kwa moja hadi Dodoma kuikata Reli ya Kati? Unanunua faili, unachapa mwenyewe: ramani ya karatasi nne za A3, kete (vipande vya vikosi) na kitabu cha sheria. Zamu moja ni wiki moja, tangu mapigano ya Lolkisale hadi Dar es Salaam inapotwaliwa Septemba.

Upande wa Wajerumani umetengenezwa na mtu anayeijua vita hii. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, anazitoa kampuni zake Usambara, zinatembea kupitia Handeni hadi Kimamba, zinapanda treni mpaka Dodoma, kisha zinapanda Kondoa kwa miguu. Ukichelewa kuziondoa, usiku wa Mei 9 unakukuta na nusu ya jeshi. Mzinga wa manowari Königsberg nao upo, na unakumalizia wapagazi kabla haujapiga hata risasi moja. Mbinu ninayoipenda ni kuacha shambulio la usiku, ukazungusha kampuni tatu kaskazini na kuifunga njia ya Arusha. Mwenye Kondoa ataishiwa unga kabla yako.

Kasoro iko kwa Waingereza. Sheria ya masika inapunguza mwendo wa vikosi kwa nusu, basi. Malori ya chakula hayaguswi. Matokeo yake van Deventer anafika Dodoma katikati ya Mei akiwa ameshiba! Mwaka ule malori yalizama kwenye tope, na brigedi ya farasi iliyoingia Kondoa Aprili 19 ilikuwa imepoteza mamia ya wanyama njiani. Wapagazi nao wana hesabu yao: mmoja hubeba kama kilo 25 na kula kama kilo 1 kwa siku. Safari ya siku 10 kwenda na 10 kurudi inakula 20, zinazofika ni 5.

Kwa hiyo zamu za Aprili na Mei futa pointi zote za chakula za malori, bakiza za wapagazi. Kila kete ya farasi itupiwe dadu kila zamu. Ikitoka 1 au 2, iondoke mezani. Ukicheza hivi, anayeipita Kondoa anaingia Dodoma na njaa, na reli yenyewe haimwokoi: Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja, na ilibidi malori yafungwe magurudumu ya reli ili mizigo isogee.

Jingine ni Ugogo, eneo la Dodoma. Mchezo unatoa pointi 2 za nafaka kila zamu bila kikomo, wakati Aprili mtama na uwele bado uko shambani, na cha ghalani kikichukuliwa hakirudi. Majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe, ikafuata njaa ya Mtunya. Mbunifu hana hata alama moja ya kumtoza anayepora. Natoa nyota tatu kati ya tano.

Ukichapisha hapa Dodoma, mwambie wa steshenari achape kwa asilimia 100, kompyuta isibane ukurasa. Ikibana, vyumba vya ramani vinakuwa vidogo kuliko kete. Kete zigandishe kwenye kadibodi ya milimita 2 kabla ya kukata. Ramani usiitie laminesheni ya kung'aa, kete zitateleza kila meza ikiguswa.