Unataka gari ya spoti ya milango miwili? Soma hii kabla hujatuma hela Japan

Wadau, kila siku kuna mtu anauliza kama avute Toyota GR86, gari ya spoti ya milango miwili, mpya kabisa, zero kilomita, na majibu anayopewa ni ya hospawa tu, yaani nguvu za injini, hii ina mia nne ile ina mia mbili. Kwa hapa Bongo hilo ni swali la mwisho kabisa. Msimamo wangu ni huu: gari ya milango miwili nunua kama nyumbani tayari kuna nyingine ya kubeba familia na mizigo, na hata hivyo usichukue mpya, chukua ya miaka miwili mpaka mitano. Anayenunua mpya analipia pamoja na waranti, sasa waranti ya Japan inabaki hukohuko Japan, gari ikishuka bandarini Dar matatizo yote ni yako na fundi wako, yaani umelipa bei ya mpya halafu unaishi kama mwenye yuzdi.

Ila usikimbilie ya zamani sana ukidhani ndo umeokoa. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa cc 1001 mpaka 2000 na asilimia 10 ikizidi hapo, kisha VAT 18, na zinapandiana moja juu ya nyingine. Kwa hiyo gari ya cc 2400 yenye CIF (bei ya gari pamoja na bima na usafiri mpaka bandarini) ya milioni 40 andaa kama milioni 25 za kodi, bado tozo ndogondogo. Ikifikisha miaka 8 wanaongeza asilimia 15, ikipita 10 inakuwa 30, ndo maana GT86, yaani iliyotangulia GR86, ya 2012 inaonekana bei chee mtandaoni lakini kodi yake inakaribia kulingana na CIF yote. Na TRA wanaangalia thamani iliyoko kwenye mfumo wao, sio invoisi yako, pitisha kwenye kikokotoo chao kabla hujalipa hata mia.

Haya, namba moja kwangu ni Toyota GR86 na pacha wake Subaru BRZ, modeli ya kuanzia 2021. Ni gari moja, zote zinatoka kiwanda cha Subaru kule Gunma, injini ni boksa, pistoni zake zimelala ubavu, ya lita 2.4 haina tabo, hospawa 235, uzito kama kilo 1270. Huo uzito ndo kila kitu. Barabara zetu kuu kila kijiji ni 50 na tochi zipo, hospawa mia nne utazitumia wapi? Gari nyepesi unaifurahia hata ukiwa speed 60, panda nayo kutoka Mombo kwenda Lushoto zile kona, gia ya pili, gia ya tatu, utanielewa. BRZ imetulia zaidi, GR86 mkia wake unacheza kidogo, kama ndo mara yako ya kwanza kuendesha gari inayosukuma nyuma na unakaa sehemu za mvua nyingi chukua BRZ.

Sasa hapa kwenye rimu sikiliza vizuri maana wengi wanachagua kwa macho. GR86 ya daraja la RZ inakuja na inchi 18, tairi 215/40, ukuta wa tairi ni mwembamba, shimo moja tu rimu imepinda. Daraja la SZ lina inchi 17 na tairi 215/45, kwa BRZ ni ile ya daraja la R. Chukua hizo. Chini ina kama sentimita 13 tu, tuta unalipita mshazari, tairi moja kwanza halafu nyingine, taratibu, na ukisikia inakwangua simama, usilazimishe, maana kinachofuata baada ya bampa ni sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ni 0W-20, badilisha mapema. Kuna ishu ya mabaki ya gundi ya kuzibia injini kukutwa kwenye kinyonyeo cha oili, imeongelewa sana na wanaozikimbiza kwenye viwanja vya mbio, kwa hiyo fundi akufungulie sampo aangalie. Plagi nazo zimekaa ubavuni mwa injini, nafasi ni finyu, mpe fundi anayezijua Subaru hata kama gari yako imeandikwa Toyota.

Namba mbili ni GT86 ya cc 1998, zile za baada ya Agosti 2016, almradi haijafika miaka 8. Kodi inapungua kidogo, gari ni tamu ileile, ila katikati, kati ya mizunguko ya injini (rev) 3500 na 4500 kwa dakika, nguvu inapwaya. Za mwanzo kabisa za 2012 na 2013 nyingi kampuni iliziita zirudishwe kurekebishwa springi za valvu, ziache.

Tatu, Mazda Roadster. Injini ya 1.5, inakaribia tani moja, wese inakula kidogo sana. Viti viwili tu na buti la mabegi mawili madogo, ukitaka paa gumu tafuta RF ya 2.0.

Nne naziweka Supra na Nissan Z pamoja. Ni gari za maana, sibishi, ila Supra ya lita 3 injini na umeme ni BMW, spea na mashine ya kupimia ni za huko, na zote mbili ni viti viwili. Mustang ya mwisho, nasema hivyo na naipenda: Ford waliondoka soko la Japan 2016, ya usukani wa kulia itabidi uisake Uingereza, ni pana, ni nzito, na V8 ya lita 5 kwenye foleni ya Mbagala inaumiza mfuko.

Ukishachagua, dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japan, ukiona daraja R au RA ujue ilishagongwa ikatengenezwa. Hizi gari vijana wa Japan wanazidrifti sana, yaani kuteleza nazo kwenye kona makusudi, tafuta ambayo shokapu na ekzosi bado ni za kiwandani. Omba na picha za chini ya gari, hasa ikiwa imetoka Hokkaido, kaskazini mwa Japan, chumvi ya kwenye theluji inakula bodi, na wakikataa kukutumia hizo picha hamia kwenye gari nyingine.